Nimekuta tramadoli kwenye mkebe wa mpwa wangu, kidato cha tatu. Wakuu, naanzia wapi?

Anko wa Segerea, Jumatatu, saa 7:12 usiku

Wakuu, habari za usiku.

Naandika muda huu kwa sababu usingizi umegoma. Naishi na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeko Tanga. Ana miaka 16. Mwaka jana mwezi wa tatu alivunjika ugoko akicheza mpira, akafanyiwa upasuaji, wakamwekea chuma. Tulipotoka hospitali tulipewa parasetamoli na tramadoli za miligramu 50, za siku tano.

Siku tano zikaisha, usiku mtoto analia. Mimi nilikuwa nimekipiga picha cheti cha daktari kwenye simu. Nikaenda famasi moja ya mtaani, nikaonyesha picha, nikapewa. Wiki iliyofuata nikarudi na picha ileile. Mara ya tatu muuzaji hakutaka hata kuiangalia simu, alinipa huku macho yako kwenye tamthilia.

Ndiyo, ni mimi. Nitukaneni, ila nisomeni kwanza hadi mwisho.

Mwezi wa sita akaacha magongo, nami nikaacha kununua. Nikajua yameisha. Sasa imepita miezi minane. Kuna vitu nilikuwa naviona na sikuviunganisha. Anajikuna pua na shingo kama mtu aliyerushiwa upupu. Choo anapata kwa taabu, siku tatu nne. Jioni anakuwa mpole mpaka raha, asubuhi ana miayo, makamasi yanamtoka na mafua hana, ukimsemesha anang'aka. Mwalimu wa hesabu alinipigia kwamba kijana anasinzia darasani, nikasema ni simu hizi.

Jana dada wa kazi alitoa vitu kwenye begi ili alifue. Ndani ya mkebe wa hesabu, chini ya bikari, kuna karatasi mbili za vidonge. Moja tupu, nyingine imebaki na vitatu. Tramadoli.

Nimemuuliza. Hakukataa. Akaniambia, "Anko, hizi si dawa za kulevya, ni dawa za hospitali. Si hata wewe ulikuwa unaninunulia?"

Sikuwa na jibu. Naomba wajuvi mnisaidie mambo mawili. Naanzia wapi? Na anazipata wapi, maana nampa nauli na elfu moja ya kula, basi. Dada yangu bado sijamwambia.

Babu wa Kijiwe, Jumatatu, saa 7:40 usiku

Mkuu, mchape. Zamani tulichapwa na hatukumeza vidonge. Nimekaa paleee nasubiri wajuvi.

Mama Zai, Jumatatu, saa 11:58 alfajiri

Babu, wewe ulichapwa na bado uko kijiweni saa nane usiku. Mwenzio ana mgonjwa ndani.

Anko, pole sana. Usimchape na usimfukuze. Na dada yako mwambie leo, asije akaambiwa na jirani.

Kaunta Namba Mbili, Jumatatu, saa 1:25 asubuhi

Pole mkuu. Mimi ni mfamasia, mwaka wa kumi na moja huu nasimama kaunta, kwa hiyo nitasema na ya kwetu.

Aliyekuuzia kwa picha amekosea, nawe umekosea. Cheti ni cha mgonjwa yule, kwa siku zile. Tramadoli ni dawa ya cheti, na kwenye duka la dawa muhimu haitakiwi hata kuonekana rafuni. Lakini tusidanganyane, ukizunguka mitaa mitatu utaipata, tena utaulizwa kama unataka pakiti nzima.

Sasa kuhusu dawa yenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapotelea. Tumezoea kuweka kila kitu kapu moja, Panadol, diklopa (yaani diklofenaki), tramadoli, zote "za maumivu". Diklofenaki inashughulika na uvimbe pale palipoumia. Tramadoli ni ya ukoo wa afyuni, ukoo mmoja na mofini na heroini, ila yenyewe ni ndugu mdogo. Wajerumani waliitengeneza mwaka 1962, ikaingia sokoni kwao 1977, na kwa miaka mingi ilinadiwa kuwa ni salama kuliko ndugu zake. Inakwenda kukaa kwenye ubongo, palepale afyuni inapokaa. Halafu ina mkono wa pili: inaizuia serotonini, kemikali ya ubongo inayogusa hisia, isirudishwe haraka, kama zinavyofanya baadhi ya dawa za sonona. Kwa hiyo mtoto aliyeanza kwa mguu anaweza kugundua kwamba hata woga umepungua, hata mawazo yametulia. Hapo mguu ukishapona, dawa bado ina kazi.

Na kuna jambo la ini. Tramadoli ikimezwa, ini huigeuza kuwa kitu chenye nguvu kuliko yenyewe. Kasi ya kazi hiyo tunairithi. Kuna watu ini lao lina haraka mno, na Ethiopia, jirani zetu hawa, ni miongoni mwa mahali ambako watu wa namna hiyo ni wengi. Wawili wakimeza kidonge kilekile, mmoja atasema haijamfanya kitu, mwingine pumzi inakatika. Ndiyo maana Aprili 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilisema tramadoli na kodeini zisiguswe kabisa na watoto chini ya miaka 12, na kwamba aliye chini ya miaka 18 asipewe tramadoli baada ya kukatwa tonsili.

Mpwa wako alipewa kwa siku tano baada ya upasuaji. Sioni kosa la daktari hapo. Tatizo ni hizo wiki zilizofuata.

Jambo la haraka leo: usimnyang'anye zote kwa mpigo ukamfungia chumbani. Kama amemeza kila siku kwa miezi, mwili umeshazoea. Mpeleke kwa daktari, hospitali ya wilaya au ya mkoa yenye kitengo cha afya ya akili, waangalie anameza ngapi na wampangie namna ya kupunguza. Nenda na hizo karatasi za vidonge.

Dereva Mstaafu wa Boda, Jumatatu, saa 3:10 asubuhi

Sikutaka kuchangia lakini uzi huu umenikuta.

Nilikuwa bodaboda. Kijiwe chetu kilikuwa na mwenzetu mmoja, yeye ndiye "daktari". Mgongo unauma, kifua kimepigwa na upepo, umelala saa tatu tu? Anakutolea kimoja mfukoni. Unameza na kinywaji cha kuongeza nguvu, unaendesha mpaka saa tisa usiku, huna njaa, huna maumivu, abiria akikutukana unacheka. Nilianza na kimoja. Baada ya mwaka sitaji nilifika ngapi, kuna watoto wanasoma hapa.

Siku moja niko kwenye mataa, taa nyekundu, nashukuru Mungu ilikuwa nyekundu. Nikasikia mkono wa kushoto unatetemeka. Nilichokumbuka baadaye ni watu wamenizunguka na kiatu kimoja sina. Nimeanguka kifafa, mimi ambaye sijawahi kuanguka maishani. Nyumbani wakasema nimerogwa na wenye kijiwe. Tukaenda kwa shekhe nikasomewa, tukaenda kwa mchungaji nikaombewa, wote wawili walikuwa watu wazuri, na mimi usiku nikitoka huko nameza. Nikaanguka tena. Ni nesi mmoja wa zamu ndiye aliyeniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, unatumia vidonge gani?" Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza swali hilo.

Anko, muulize kijana wako kama amewahi kuanguka au kustuka-stuka mikono. Akisema ndiyo, usingoje kesho.

Kaunta Namba Mbili, Jumatatu, saa 3:31 asubuhi

Ahsante kaka kwa kusema. Degedege ni tabia ya tramadoli hasa, ndugu zake wa ukoo wa afyuni hawana sana. Mtu mzima kikomo chake ni miligramu 400 kwa siku, na kadiri unavyovuka ndivyo hatari inavyopanda, ingawa kuna ambao wameanguka kabla hata ya kufika hapo. Ukichanganya na pombe, au na dawa za usingizi kama Valium, tatizo linahamia kwenye pumzi.

Mpiga Pasi, Jumatatu, saa 5:02 asubuhi

Mnakuza mambo. Haya ni matatizo ya wazungu mmeyaagiza kwenye kontena. Vijana wetu shida yao ni bangi, gongo na kubeti. Viroba, zile pombe za vifuko, vilipigwa marufuku Machi 2017, mkasema vijana wamepona, wamepona? Leo vidonge, kesho mtasema Panadol.

Mama wa Texas, Jumatatu, saa 6:47 mchana

Kaka Mpiga Pasi, mimi ndiye niko huko kwa wazungu, kaskazini mwa Dallas, nimelea watoto watatu hapa. Naomba nikwambie lilivyoanza, kwa sababu lilianza hivyohivyo, kwa watu kuona haliwahusu.

Huku mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma iliingiza sokoni OxyContin, vidonge vya maumivu vya ukoo huohuo wa afyuni, na kuwaambia madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kuwa ilipotosha, mwaka 2020 ikakiri makosa mengine. Katikati hapo kila nyumba ilikuwa na kichupa kwenye kabati la bafuni. Baba kang'olewa jino, kapewa vidonge thelathini, kameza vinne. Vilivyobaki vinakaa. Mtoto hamfuati muuza unga popote, anafungua kabati la mama yake.

Baadaye serikali ilipobana vyeti, vikaja vidonge feki vyenye sura ileile ya dukani, vya bluu, na ndani ni fentanili, ya ukoo huohuo wa afyuni lakini kali kuliko mofini. Miligramu mbili za fentanili zinaweza kuua mtu. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walipochunguza vifo vya wenye umri wa miaka 10 hadi 19 waliozidiwa na dawa, kuanzia Julai 2019 hadi Desemba 2021, waliona idadi kwa mwezi imezidi maradufu, na fentanili ilikuwemo kwenye vifo 84 kati ya kila 100. Kilichoniliza mimi ni kingine: theluthi mbili ya watoto hao walikufa kukiwa na mtu karibu. Mtu yuko chumba cha pili, au kitanda cha pili, anadhani mwenzake amelala.

Mji wa Carrollton hauko mbali na kwangu. Mwanzoni mwa 2023 tulisikia wanafunzi wa shule za hapo wanazidiwa na vidonge hivyo, wengine wakafa. Tangu Machi 2023 dawa ya kupuliza puani ya kumzindua aliyezidiwa, naloksoni, iliruhusiwa kuuzwa bila cheti. Ninayo jikoni, karibu na chumvi. Wageni wangu kutoka nyumbani wanadhani ni dawa ya mafua.

Sisemi Dar es Salaam ni Dallas. Huko fentanili sijaisikia kuwa tatizo la mitaani, na Mungu aepushe. Nasema kabati ni kabati tu.

Mpiga Pasi, Jumatatu, saa 7:15 mchana

Sawa mama, nimekusikia. Hilo la mtu kuwa chumba cha pili limenigusa. Ila bado nasema huku si kwa kiwango hicho.

Mwana wa Kisauni, Jumatatu, saa 8:20 mchana

Kutoka Mombasa hapa. Ndugu yangu Anko, pole. Kwetu pwani tulizoea kupigia kelele unga, na tukawa tumeusahau upande wa vidonge. Bugizi imeharibu vijana toka nikiwa shule ya msingi, nayo ilikuwa dawa ya usingizi ya hospitali, haikuanza kuwa kitu cha vichochoroni. Nyumba ikiwa na teja wa unga, majirani hujua. Nyumba ikiwa na mtoto wa vidonge, kila mtu husifu: huyu kijana ana adabu, haendi maskani, analala mapema.

Walio Kenya wanaosoma, NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana laini ya bure, 1192.

Mzee wa Bandari Nyingi, Jumatatu, saa 9:05 mchana

Nimefanya biashara Afrika Magharibi miaka mingi, acha nichombeze. Kule tramadoli si ya miligramu 50. Nimeona za 120, za 225, za 250, vipimo ambavyo huwezi kuvikuta kwenye cheti cha daktari, zinatengenezwa India kwa ajili ya soko hilohilo. India waliiweka kwenye sheria ya dawa za kulevya Aprili 2018. Mwaka huohuo Nigeria wakapiga marufuku kuzalisha na kuingiza dawa ya kikohozi yenye kodeini, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanainywa na soda kama sharubati. Wauzaji hawakufunga maduka, walibadilisha bidhaa.

Kisa kimoja, mtanisamehe nikitoka nje ya mada. Mwaka 2013 wanasayansi walitangaza wameikuta tramadoli kwenye mizizi ya mti kaskazini mwa Kameruni. Dunia ikashangaa, kumbe dawa ya kiwandani mti ulishaitengeneza! Wengine wakaenda kuchunguza, wakakuta wakulima wanaimeza ili walime juani, na ng'ombe wa jembe nao wanapewa. Mkojo unaingia ardhini, mizizi inanyonya. Mti haukuwa na hatia.

Babu wa Kijiwe, Jumatatu, saa 9:09 mchana

Ng'ombe?? Mkuu hii si chai kweli?

Kaunta Namba Mbili, Jumatatu, saa 9:30 mchana

Si chai Babu, ni kweli kabisa.

Selimundu na Mimi, Jumatatu, saa 12:44 jioni

Naomba upande wa pili usikike kabla hamjasema ipigwe marufuku.

Nina miaka 19, nina selimundu. Tanzania tunazaliwa kama 11,000 kila mwaka wenye ugonjwa huu. Maumivu yakija, mifupa inakuwa kama inasagwa kwenye kinu kutoka ndani. Diklopa haigusi. Mimi huandikiwa tramadoli, na nikilazwa hupewa mofini. Nikifika dirishani na cheti halali, chenye muhuri, naangaliwa macho mpaka mgongoni. Mara moja niliambiwa, "Binti mdogo hivi, unataka hizi za nini?" Nilikuwa nimesimama kwa kushika ukuta.

Mkibana bila akili, mpwa wa Anko atapata kwingine. Mimi ndiye nitakayekosa.

Mtoto wa Mgonjwa, Jumatatu, saa 1:20 usiku

Naunga mkono. Baba yangu alitibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani. Ile mofini ya maji ndiyo iliyompa siku za mwisho za kuongea na sisi badala ya kupiga kelele. Waganda walianza kuitumia majumbani tangu 1993, hospisi ya Kampala ilipofunguliwa, na kwa sababu ya hofu za namna hii nchi nyingi zilichelewa kuwafuata. Shirika la Afya Duniani limeiangalia tramadoli mara kadhaa na mpaka 2018 halikupendekeza iwekwe chini ya mikataba ya kimataifa, kwa sababu hospitali nyingi maskini hazina kingine cha kushika.

Mama Zai, Jumatatu, saa 1:52 usiku

Mniwie radhi, na mimi nina swali. Binti yangu ana miaka 15, siku zake zikifika anameza Panadol mbili, zisipotuliza anaongeza Hedex, na kama ana mafua ananywa na dawa ya mafua. Haya nayo ni matumizi mabaya? Si ya kulewa.

Kaunta Namba Mbili, Jumatatu, saa 2:10 usiku

Dada, umeuliza swali ambalo nalitamani kila siku. Si lazima mtu awe anatafuta stimu ndipo aumie. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani. Anayejumlisha Panadol na dawa ya mafua anaweza kuwa anameza kitu kilekile mara mbili kwa majina tofauti. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na msichana mwembamba ahesabiwe chini ya hapo. Ukivuka, ini linaharibika kimyakimya, siku ya kwanza hata haumwi sana. Hedex usikisie, soma boksi uone ina nini. Diklopa kila mwezi bila chakula ni vidonda vya tumbo, na figo. Mpeleke akapimwe, maumivu ya kumlaza mtoto kitandani kila mwezi si ya kuzoea.

Na kwa wote, kwa kuwa hili la mtu chumba cha pili limetajwa. Ukimkuta mtu hazinduki, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, anapumua kwa vipindi, midomo imepauka au kuwa ya bluu, mboni za macho ndogo kama tundu la sindano: huyo hajalala. Mlaze ubavu, usimwache peke yake, tafuta usafiri. Na usimnyweshe maziwa. Najua mtakimbilia maziwa, kila mtaa una bibi wa maziwa. Asiyezinduka ukimmiminia kitu mdomoni kinaingia mapafuni.

Anko wa Segerea, Jumatano, saa 4:30 usiku

Wakuu, nimerudi. Nimesoma yote, na ya Dereva Mstaafu nimeisoma mara mbili.

Dada yangu nimempigia. Alinyamaza kwa muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza kama anakula. Anakuja Ijumaa.

Kijana nimeongea naye juzi, nje, kwenye ngazi, taa imezimwa ili asinione uso wala nisimwone. Siku za kawaida vinne, siku mbaya sita. Kuanguka hajaanguka ila mikono inastuka akiwa anaingia usingizini. Nikamuuliza mguu bado unauma? Akasema uliacha mwezi wa saba. Sasa kwa nini? Akafikiri, akasema, "Nikimeza, siogopi kuitwa mbele ya darasa." Kumbe tangu arudi shuleni na magongo kuna watoto walikuwa wanamwigiza anavyochechemea. Mimi sikujua. Nilikuwa nalipa ada nikidhani nimemaliza.

Alijaribu kuacha mara mbili peke yake. Mara ya kwanza ndio ile wiki tuliyomtibu malaria. Jasho, kuhara, viungo kuuma, halafu anasema kichwani kama kuna shoti za umeme. Kipimo kilisema hana malaria, na tukampa mseto hivyohivyo.

Hajaniambia anazipata wapi. Nikiuliza hilo, anafunga mdomo.

Dereva Mstaafu wa Boda, Jumatano, saa 4:51 usiku

Hiyo ndiyo arosto, kaka. Sisi tulidhani arosto ni ya mateja wa unga tu. Usimbane sana kuhusu anakozipata, anamlinda mtu.

Mwalimu wa Zamu, Alhamisi, saa 12:35 asubuhi

Nafundisha sekondari. Tukikagua mabegi tunatafuta bangi, simu na barua za mapenzi. Kidonge kwenye karatasi yake halisi tunakirudisha begini, tunamwambia mwanafunzi ugua pole. Hata sasa sijui ningefanya nini, maana kuna wenye pumu, wenye selimundu, wenye kifafa, na wengine wanatumia dawa ambazo hawataki kuzitaja, na wana haki hiyo.

Mkuu, ukienda shuleni usiende ofisi ya nidhamu. Mtafute mwalimu wa malezi, au mwalimu yeyote ambaye kijana anampenda. Ofisi ya nidhamu watafukuza, na hapo atapata muda wote wa kumeza.

Anko wa Segerea, Jumamosi, wiki tatu baadaye, saa 3:18 usiku

Wakuu, mrejesho.

Tulienda hospitali, mimi na dada yangu na mwenyewe. Daktari wa akili ni mama wa makamo, alitutoa nje sisi wawili akabaki naye dakika arobaini. Alipotuita akatuambia hakuna soba hausi kwa sasa wala hakuna methadoni, hiyo wanapewa waliozoea heroini. Amepanga kupunguza kidogokidogo, kila baada ya siku kadhaa anashuka. Dawa zinakaa kwa dada yangu, amehamia kwangu kwa muda, ana kisanduku chenye kufuli na ufunguo ameuvaa shingoni kama msalaba. Kila Jumatano kijana anaongea na mshauri. Wiki ya pili ilikuwa mbaya, alitapika, alinitukana, akalia akaomba msamaha, akanitukana tena. Wiki hii amekula ubwabwa sahani nzima. Bado hatujamaliza.

Famasi ile nilienda. Nilidhani nitapiga kelele. Nikamkuta binti yuleyule na tamthilia yake, nikatoka bila kusema. Baadaye nikapiga 119, namba ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, nikaeleza, na nikasema na yangu pia.

Sasa lile swali la pili.

Alimwambia mama yake juzi. Anazitoa kwa bibi.

Mama yetu anaishi Mbagala, ana mgongo wa siku nyingi, na daktari wake humwandikia tramadoli. Kijana huenda kila Jumamosi kumchotea maji na kumpigia pasi, na sote tulimsifu kwa hilo. Leo asubuhi nimeenda. Bibi anaweka dawa zake kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati la vyombo. Nikamwomba nilione. Nimemimina juu ya meza, nikahesabu. Karatasi kumi na tisa.

Kumi na tisa, wakuu. Mimi humnunulia kila mwezi. Kumbe na mdogo wangu wa Kigamboni humtumia kila mwezi, na dada yangu naye humtumia kwa basi kutoka Tanga. Watatu, kila mmoja na picha ya cheti kwenye simu yake, kila mmoja anaamini ndiye anayemjali mama peke yake. Bibi hakutaka kutuvunja moyo, akawa anapokea na kushukuru.

Nikamuuliza kama aliona zinapungua. Akasema, "Niliona. Nikajua mjukuu wangu mguu bado unamsumbua, anaona haya kuwaambieni."

Nimemwachia karatasi moja, nyingine nimezifunga kwenye mfuko. Kaunta Namba Mbili, hizi nazipeleka wapi? Chooni au nizichome?

Kaunta Namba Mbili, Jumamosi, saa 3:40 usiku

Chooni hapana, jalalani hapana. Zirudishe famasi ya hospitali anakotibiwa, waeleze, wana utaratibu wa kuziteketeza.

Pole na hongera kwa pamoja, mkuu. Ila niulize: bibi mwenyewe anameza ngapi kwa siku?

Anko wa Segerea, Jumamosi, saa 3:52 usiku

Sijamuuliza.